Mabomba ya Shaba

Mtaani walimwita Shaba, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa fundi bomba tangu enzi ambazo bomba lilikuwa bomba, kama alivyopenda kusema, na dharau yake kwa plastiki hakuificha. Ukimwita kwako kuziba mahali panapovuja, akaikuta plastiki ukutani, kwanza angesimama ameshika kiuno, aitazame, kisha akuulize, "Nani alikuuzia mrija wa soda?" Wateja wengine walicheka, wengine walinuna, lakini walimwita tena. Kiungo alichounga Shaba hakikuvuja hadi mwenye nyumba akasahau kwamba ndani ya ukuta kuna kitu.

Kila nyumba ya zamani aliyoitwa kung'oa mabomba, alirudi na vipande vya shaba: mabomba marefu, elbo za kuungia kona, koki nzito ambazo siku hizi hazitengenezwi. Wenzake walikuwa wakiviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla jasho halijawakauka. Yeye alivifunga kwa magunia akavisukuma uvunguni mwa kitanda, vikisubiri, alisema, kazi inayostahili. Mkewe akifagia, ufagio ukigonga chuma, alilalamika.

"Wenzako wanaweka akiba benki. Wewe umeweka uvunguni."

"Ya benki inaliwa na makato, bibie. Hii nani ataila?"

"Italiwa na kutu."

"Shaba haishiki kutu! Miaka yote umelala juu yake na hujajifunza?"

Nyumba yao ilikuwa na kelele za aina hiyo. Ni utani wa watu waliozeeka pamoja na hawajachokana, na mwenye bahati ya kuusikia kwao angedhani wanagombana.

Hayo yalikuwa kabla ya binti yao kufariki.

Alikuwa mtoto wao wa pekee, mwalimu wa chekechea. Alasiri moja alirudi kazini ameshika kichwa, akasema watoto wamempigia kelele kutwa nzima. Mama yake akampa vidonge vya maumivu, akampikia uji, akamwambia alale. Ndivyo mama yeyote angefanya, na ndivyo yeye alivyofanya mara mia kabla ya siku hiyo, na binti akaamka mzima. Safari hii hakuamka mzima. Hospitalini daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba kama wangemleta jana yake... Sentensi hiyo daktari hakuimalizia. Mama aliimalizia mwenyewe, na tangu hapo hakuacha kuimalizia.

Shaba alikuwa kazini mji mwingine. Alifika kukuta maiti. Msibani aliona wanawake wakianza kunong'ona pembeni, na mkewe amekaa sakafuni anaitazama mikono yake, na roho ikamuuma kuliko alivyoweza kuvumilia. Akasimama mbele ya watu wote akasema uongo. Alisema mkewe alimpigia simu jioni ile akitaka kumpeleka binti hospitali, na kwamba yeye, Shaba, ndiye aliyemkataza. Alisema alimwambia asubiri hadi arudi. Macho ya watu yakahama kutoka kwa mama yakamwangukia yeye, na minong'ono ikapata mwenyewe. Ila simu hiyo haikupigwa, na aliyejua hivyo kuliko wote alikuwa mkewe. Alimtazama mumewe kutoka pale sakafuni, hakumshukuru, hakumsuta.

Watu walipotawanyika, mama akaingia chumbani, akalala. Alitoka kuoga, alitoka kujisaidia, akarudi. Lakini lililomtisha Shaba si kulala kwake. Mkewe aliacha kugusa chakula. Hakupika, hakumimina chai, hata kikombe cha maji hakumpa mtu. Shaba akimwomba amsogezee sahani, aliificha mikono chini ya shuka.

"Chukua mwenyewe, baba," alisema. "Sitaki kumpa mtu kitu."

Shaba akawa mpishi, Mungu amsamehe. Aliunguza, alizidisha chumvi, alipika vitu ambavyo mbwa wa jirani alivinusa akaenda zake. Lakini hata angepika vizuri isingesaidia. Mtu anayeogopa kulisha wengine, haupiti muda anaacha na kujilisha mwenyewe, na mwanamke yule alikuwa anapukutika mbele ya macho yake. Mfupa wa bega ulichomoza. Pete ya ndoa ikaanza kumtoka kidoleni, akaiweka dirishani. Shaba alimzika mtoto, na sasa aliona wazi kwamba asipofanya jambo atamzika na mama.

Aliyeleta jambo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Alikuja na simu yake akamwonyesha video ya mtu anayefuga samaki uani kwake ndani ya matangi mabovu. Juu ya samaki kulikuwa na vitanda vya kokoto vyenye mboga, na maji yalipanda na kushuka kati yao.

"Shemeji, wewe si fundi wa maji?" alisema. "Mtengenezee dada kitu hiki. Humo chumbani mimi nimeongea mpaka koo limekauka. Labda maji yatamwita."

Shaba aliitazama video ile mara ya pili na ya tatu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akili yake ikashika kitu kingine. Alikielewa upesi. Samaki wanachafua maji. Pampu ndogo inayapandisha maji machafu kwenye kokoto. Ndani ya kokoto mnaota vijidudu visivyoonekana, vinavyogeuza uchafu ule kuwa chakula cha mimea. Mimea inakula, na maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Hakuna kinachomwagwa, hakuna kinachopotea. Fundi aliyeishi akipambana na maji yanayopotea alikiona kitu hicho, akakipenda.

Kwa wauza makopo alipata matangi mawili yaliyotupwa na kiwanda cha mafuta ya kupikia, yale meupe ya mraba yaliyovikwa fremu ya chuma. Moja lilikuwa limepasuka upande. Aliyaosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ya mafuta ikaisha, akayasuuza, akaingiza kichwa ndani akanusa, akayasuuza tena. Lile zima akalikata mdomo liwe bwawa. Lile bovu akalikata vipande viwili, vikawa vitanda, akavipandisha juu ya matofali. Kokoto aliziosha beseni kwa beseni. Maji akayakinga ya mvua, kutoka bati hadi ndani ya tangi. Mabomba yakabaki, na shemeji alikuwa amekwisha kuyaleta, ya plastiki. Shaba aliyaunga ameyageuzia uso pembeni, kwa kuwa hakukuwa na muda wa kuringa.

Samaki alinunua kwa mama mmoja anayezalisha vifaranga vya perege kwenye mabwawa ya udongo nje ya mji. Mama wa vifaranga alimfungia kwenye mfuko wenye maji, akampa na onyo.

"Usiwazidishie chakula, baba. Hicho ndicho kinachowaua wengi. Kikibaki kinaoza, na kikioza, samaki wamekwenda."

Shaba alilibeba onyo hilo hadi nyumbani akalifikisha kama lilivyo. Angejua litakakoishia, angelidondosha njiani.

Asubuhi aliyowasha pampu, maji yalianza kutiririka kwenye vitanda vya kokoto na kushuka tangini, na mlango wa nyuma ukafunguka. Mkewe alikuwa amesimama pale na kanga begani, nywele hazijachanwa.

"Nini kinavuja?" aliuliza.

Kwa muda mrefu hakuwa ameuliza kitu chochote. Shaba alijikaza asirukeruke.

"Hakuna kinachovuja, bibie. Njoo uone."

Alikuja hadi ukingoni, akachungulia, akarudi ndani. Kesho yake alikuja tena, akakaa kidogo kwenye ndoo iliyopinduliwa. Shaba akaweka kiti. Siku iliyofuata akatia ujanja: alichukua mfuko wake wa vifaa, akavaa viatu, akamwachia mkewe kopo la chakula cha samaki mapajani kabla hajapata nafasi ya kuficha mikono.

"Walishe, nimechelewa. Kidogo tu, unavyobana chumvi kwa vidole."

"Baba, hapana. Usiniachie mimi."

"Basi watakaa na njaa," akasema, akaondoka kama mtu asiye na huruma. Hakuwa na kazi popote siku hiyo. Alizunguka mitaa, akakaa kibandani kwa muuza chai, akapiga soga na watu asiowajua. Aliporudi alimkuta mkewe palepale, kopo mapajani, na mdomo wa kopo uko wazi.

"Wamekula," mkewe alisema.

Tangu siku ile mambo yalikwenda yenyewe. Samaki walijifunza hatua zake. Akikaribia, walipanda juu na kufungua vinywa, na yeye akawagombeza kwamba hawana adabu, wanasukumana kama watoto kwenye foleni ya uji. Mboga zikashika kwenye kokoto, zikatoa majani mapana. Asubuhi moja alimcheka mumewe kwa kuteleza kwenye maji, akacheka kwa sauti, kisha akaziba mdomo kama aliyekosea. Pete ikarudi kidoleni. Na jioni moja, bila kutangaza, alikata majani ya mboga, akayaosha, akawasha jiko, akampakulia mumewe sahani na kuisukuma mbele yake kwa mikono yote miwili. Akakaa anamtazama anavyotafuna, kama mtu anayesubiri hukumu.

Shaba alikula chote. Akasema chumvi imepungua, maana ndivyo alivyokuwa akisema siku zote, kisha akatoka nyuma ya nyumba akasimama kati ya tangi na ukuta, akalia mpaka fulana ikalowa.

Hapo angeacha, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini mtu mwenye furaha haachi, anataka kuongeza. Shaba alitaka kumshukuru mkewe, akamshukuru kwa kitu alichokijua. Alipiga magoti, akayavuta magunia kutoka uvunguni.

Ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua. Aling'oa mirija yote ya plastiki akaitupa upenuni. Alikata shaba kwa msumeno wa chuma, akaipiga msasa hadi ikawaka, akaiunga kwa tochi ya gesi na risasi ya kulehemu, kila kiungo kikiwa na ukingo mwembamba wa fedha usio na donge. Pampu ilisukuma maji kwenye bomba la shaba, yakapita kwenye koki za zamani, yakarudi tangini kupitia duara kubwa la shaba alilolitoboa matundu, linyeshe juu ya samaki kama mvua. Mkewe alikuja akalipitishia kidole.

"Kumbe hii ndiyo kazi uliyokuwa unaiwekea," alisema.

"Ndiyo hii."

"Nisamehe. Nilisema italiwa na kutu."

Majirani walikuja kutazama. Shemeji alipiga makofi, akasema hapa sasa si uani, ni hotelini. Shaba naye hakukubali shaba yake ifubae. Kila ilipoonyesha doa la kijani kwenye viungo, alikata ndimu akaisugua, doa likayeyuka na maji, likateremka tangini. Hakuna mama aliyeosha mtoto kwa mapenzi kuliko Shaba alivyoosha mabomba yale.

Mwanzoni hakukuwa na neno. Kisha samaki wakaanza kuchelewa kupanda juu. Mmoja alikutwa chini ya duara la shaba amelala ubavu. Mkewe alimtoa, akamfukia kando ya ukuta, hakumwambia mtu. Akapunguza chakula. Akafa mwingine. Akapunguza tena. Walipokuwa wanakufa kiasi cha kutofichika, Shaba alimkuta amechutama mbele ya vishimo vidogo vilivyofukiwa.

"Ni mimi," alisema. "Ulinionya nisizidishe. Nilikuwa nawaona wanafungua vinywa, nikadhani wana njaa."

"Si wewe. Chakula unachowapa hata sisimizi hashibi."

"Basi kwa nini wanakufa?"

Fundi asiye na jibu ni mtu wa hatari. Aligombana na jirani kwa sababu ya moshi wa takataka. Alimshutumu shemeji kwamba amepuliza dawa ya mbu. Alimwaga nusu ya maji akajaza mengine ya mvua, na samaki wakazidi kufa. Na kwa kuwa hakuwa na lingine la kufanya kwa mikono yake, alisugua mabomba. Kabla ya mvua kukatika mkewe alikuwa amerudi kitandani. Aliweka pete dirishani. Sahani ambayo shemeji alimletea ilitoka ilivyoingia, na safari hii hata kikombe cha maji alikitazama kwa muda kabla ya kukigusa. Tangini walibaki samaki wawili.

Shaba alifunga safari kwenda kumfokea mama wa vifaranga. Alikuwa amejipanga njia nzima: angemwambia kwamba ameuza samaki wagonjwa, kwamba ameua zaidi ya samaki. Alimkuta amekunja sketi, anakoroga kitu kwenye ndoo kando ya bwawa lililobaki na tope chini.

"Ngoja nimalize, baba. Konokono wameniingilia. Namwaga mrututu wafe wote, ndipo nisafishe nijaze upya."

Shaba akachungulia ndani ya ndoo.

Maji yale yalikuwa ya bluu inayoelekea kijani, na rangi hiyo aliijua. Alikuwa ameifuta kwa ndimu kutoka kwenye viungo vyake, wiki baada ya wiki.

"Ukiwa na samaki humo?" aliuliza.

"Weee! Nani ataweka samaki kwenye mrututu? Tone tu kwenye maji ya mvua, yasiyo na chumvichumvi, linawamaliza."

"Unatokana na nini?"

"Si shaba hiyohiyo? Ndivyo tulivyoelezwa na bwana samaki." Akamtazama vizuri. "Kulikoni, baba? Kaa chini kidogo. Umekuja na habari gani?"

"Sina habari," Shaba alisema. "Nilikuwa napita."

Jinsi alivyofika nyumbani hakukumbuka. Aliingia chumbani na viatu vyake vya tope, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia mkewe kila kitu: mabomba, ndimu, maji ya mvua, ndoo ya mrututu. Alisema ni yeye aliyewaua, kwa sifa zake, kwa kiburi chake cha shaba. Alijua kwamba anajivua nguo, kwamba kazi aliyojivunia maisha yote imekuwa sumu, lakini alikuwa na nafuu pia moyoni. Hatimaye lilikuwepo jambo la kumpa mkewe, na lilikuwa la kweli.

Mkewe alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa shavu.

"Umeanza tena," alisema.

"Nini?"

"Kunibebea. Kule msibani ulinibebea mbele za watu, nikanyamaza, kwa sababu nilikosa nguvu. Hapa hakuna watu, baba. Unambebea nani?"

"Safari hii ni kweli, bibie! Wallahi ni kweli!"

"Safari hii," mkewe alirudia polepole, na akageukia ukutani.

Shaba alibaki amekaa, mikono imening'inia. Hakuna alichoweza kusema kisichofanana na kile alichokwisha kusema mbele ya watu, kwa sauti hiyohiyo, akiwa na machozi hayohayo. Alikuwa ametumia neno lake lote kwenye uongo mmoja wa huruma, na sasa ukweli ulipomfikia hakubakiwa na neno la kuununulia. Alijaribu kumtuma shemeji, naye alimsikiliza kisha akatikisa kichwa. "Shemeji, watu wanakunywa maji ya mabomba ya shaba toka enzi na enzi. Unamwonea dada huruma, naelewa. Lakini tafuta uongo wenye kichwa na miguu."

Ndipo alipofikiria ndoo.

Aling'oa mabomba yote ya shaba, akarudisha mirija ya plastiki, na safari hii aliifunga akiitazama. Alichukua ndoo mbili. Kila moja aliijaza maji ya mvua. Katika moja alitupa vipande vya shaba vyenye madoa ya kijani, akavikamulia ndimu, akaviacha kutwa na kucha, maji yakapata rangi kwa mbali. Asubuhi alimwamsha mkewe, akamwomba jambo moja tu: aje akae uani naye mpaka jua lipande, baada ya hapo hatamsumbua tena kwa neno lolote. Mkewe alitoka. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba kiti hakikulia alipokikalia.

Shaba aliwavua samaki wawili waliobaki. Mmoja akamtia kwenye ndoo ya maji matupu, mwingine kwenye ndoo ya shaba. Wote wawili walikuwa wamelishwa na mkewe tangu wakiwa wadogo kama ukucha.

"Huyu na huyu ni chakula kimoja, mkono mmoja," alisema. "Wewe tazama tu."

Walikaa. Jua lilipanda juu ya ukuta. Samaki wa maji matupu alizunguka, akapumzika, akazunguka tena. Yule mwingine alianza kukimbia huku na huku akijigonga, kisha akapanda juu akafungua mdomo hewani, akaufunga, akaufungua. Ndivyo walivyokuwa wakimfungulia mkewe vinywa asubuhi.

"Anaomba," mkewe alisema.

"Haombi. Anakosa pumzi. Unaona? Mwenzake hana neno."

"Mtoe, baba."

"Subiri kidogo."

Neno lilikwisha kutoka. Shaba alilisikia likitua kati yao, lilelile alilojisingizia siku ya msiba, na alimwona mkewe analisikia pia. Samaki alilala ubavu. Magamba ya ubavu wake yakametameta juani.

"Mtoe!"

"Bibie, subiri kidogo tu, ili uone mwenyewe, ili ujue si..."

Mkewe hakusubiri. Aliinuka, akaingiza mikono yote miwili ndani ya ndoo hadi kwenye viwiko, akamkusanya samaki kwenye viganja pamoja na maji kidogo, akageuka naye kuelekea tangini, anatembea upesi kuliko alivyowahi kutembea tangu msiba, anamsemesha kwa sauti ndogo, twende, twende mwanangu, twende. Shaba alikuwa amesimama. Aliona mkia ukipiga mara moja kati ya vidole vya mkewe. Hatua moja kabla ya tangi, mkewe alisimama.

Mkia haukupiga tena. Maji yakamchuruzika kutoka viwikoni hadi miguuni. Kisha akamgeukia mumewe, akamnyooshea viganja aone kilichomo.

"Umeona?" alisema. "Ni mikono yangu."

Alimlaza samaki juu ya kokoto, chini ya majani ya mboga. Akafuta mikono yake kwenye kanga, mmoja, kisha mwingine, akaingia ndani akafunga mlango. Shaba akabaki uani na ndoo ya pili, ambamo samaki aliyebaki alizunguka akiwa mzima kabisa, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu wa kutoka kuja kumtazama.